Nyoka Nyuma ya Picha ya Rais

Nikipita karibu na bomba la maji, wamama wa mtaa wetu wa Shituru wananyamaza, kisha nikishasogea kidogo nasikia mmoja anafanya "ssss" kwa meno na wengine wanacheka huku wamefunika midomo, na mimi naendelea na ndoo yangu kichwani kana kwamba masikio nimeyaacha nyumbani. Basi ndiyo mimi. Ndiyo mimi yule mtoto wa nyoka. Nina aibu mpaka kwenye mizizi ya nywele, lakini kwa kuwa kila mtu hapa Likasi anaisimulia habari hii kwa namna yake (wako wanaosema nyoka alikuwa mzima, wako wanaosema alitoboa kioo akatambaa mpaka kwenye viatu vya komisere, mkuu wa mkoa), afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu bila mimi isingetokea.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa sauti ndogo. Mama anasema hata siku niliyozaliwa nililia kama mtu anayeomba ruhusa. Shuleni mwalimu akiuliza, na jibu ninalo, ninalijibu dawati langu. Dawati langu limeelimika sana, mwalimu hajui kitu. Nyumbani pia, nikitaka kusema neno nazunguka mezani mpaka chakula kinaisha. Hilo msilisahau, maana mambo yote yaliyofuata yalipita hapo hapo, kwenye kinywa changu.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mzungu mzee, mwembamba, mwenye kikohozi. Wakati wazungu wengi walipokuwa wanafunga mizigo na maduka yao kupewa wenyeji, naye alifunga. Ukutani darasani kwake kulikuwa na picha ya nyoka ambayo wenzangu waliipa mgongo. Ilikuwa ya zamani sana, zaidi ya babu yake, alituambia, na haikupigwa kwa mashine kama picha za siku hizi: mtu aliichonga kwanza kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari, bamba likapakwa wino, likagandamizwa kwenye karatasi, halafu mtu mwingine akapaka rangi kwa mkono. Shaba! Mimi ambaye baba yangu anashinda kiwandani akivua mabamba ya shaba kutoka kwenye mabirika ya asidi, mpaka mashati yake yana matundu kama chujio, sikujua kama shaba inaweza kuzaa kitu kama kile. Nyoka mwenyewe alikuwa moma, mnene kama mkono wa mwanamume, amejikunja, kichwa juu, kinywa wazi. Magamba yake ungeweza kuyahesabu. Chini, pembeni, walikuwa wamechora meno yake ya sumu peke yake, kama sindano mbili za hospitali, na chini kabisa maneno ya Kilatini yenye herufi zilizolala upande. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na kadre yake, yaani fremu, ilikuwa ya mbao iliyochongwa maua na kupakwa dhahabu, yenye kioo kizito.

Siku ya mwisho aliniita, akaishusha, akanipa. "Wengine waliogopa," alisema kwa Kifaransa, "wewe uliangalia." Nilitaka kumwambia asante. Nadhani niliiambia kadre.

Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaibeba mpaka nyumbani, na Mama alipokifungua alirudi nyuma akagonga sufuria.

"Hii ni nini unaleta mu nyumba yangu?"

"Ni picha, Mama. Ya mwalimu."

"Picha ya nyoka! Weye mutoto, unajua bantu batasema nini? Batasema baba yako iko na nyoka mu chumba, anamulisha mayai, anatapika makuta, njo sababu balimupa bukapita!"

(Msicheke. Kwetu cité, mtaani kwa wafanyakazi, ndivyo wanavyosema juu ya kila mtu anayepanda kazini haraka, kwamba ana nyoka anayemtapikia makuta, yaani pesa, na Baba alikuwa ametoka tu kufanywa kapita, msimamizi wa kundi lake, akiwapita wengine waliomtangulia.)

Baba alikuwa anavua viatu mlangoni. "Mama Mwadi, ni karatasi tu."

"Karatasi iko na meno!" Mama akanigeukia. "Utaichoma. Leo hii. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaisukuma chini ya kitanda changu, nikasema kesho.

Kesho haikufika, maana kabla yake alifika Tata Kalenga. Huyu mchana ni karani wa bohari, jioni ni mkuu wa selile, tawi dogo la chama cha Rais, katika mtaa wetu, na kazi yake ya jioni ndiyo aipendayo: anaingia nyumba za wafanyakazi, anakubali kiti, anakubali bia, huku macho yake yanapanda ukutani. Kila nyumba ya kampuni ni lazima iwe na picha ya Rais sebuleni. Ya kwetu ilikuwepo, ile aliyovaa kofia ya chui, waliyogawiwa wafanyakazi wote. Ila ilikuwa karatasi tupu, imepigiliwa misumari, na mende walikuwa wameonja kona moja.

Tata Kalenga aliiangalia mpaka bia ikaisha povu. Kisha akatabasamu, na tabasamu la Tata Kalenga ni baya kuliko kelele za mtu mwingine.

"Sitwayen kapita," akasema, "kwako Guide iko anatundikwa na misumari kama shati?" (Sitwayen ni raia, ndivyo chama kilivyoamuru tuitane, na Guide, yaani Kiongozi, ni Rais mwenyewe.)

Baba akasimama. "Nitatafuta kadre, Tata. Ni vile tu..."

"Kapita muzima! Bale bengine bataiga kwa nani? Mbele ya sikukuu ya chama nitapita tena. Nitaangalia." Akainuka, akampiga Baba begani kama rafiki, akatoka.

Baba akabaki amesimama katikati ya sebule, mikono imelegea. Na hapo ndipo mimi, mtu wa kuongea na dawati, nikachagua siku ile kufungua kinywa kwa hiari yangu kwa mara ya kwanza.

"Baba, minye niko na kadre."

Alipoiona alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Mutoto yangu, weye njo utaniokoa." (Maneno hayo nayakumbuka vizuri kuliko sala zangu.) Alikuwa anakwenda kuingia zamu, ameshachelewa, akaniachia koleo na misumari midogo. "Toa ile nyoka, tia Guide. Polepole na kioo."

Nikakaa sakafuni. Nikang'oa misumari ya nyuma iliyokula kutu, nikatoa ubao, na nikaona kwamba picha ya nyoka ilikuwa imegandishwa kwenye karatasi ngumu, na kuibandua ni kuichana. Hiyo ni sababu ya kwanza, ni ya kweli, ningeweza kuishia hapo. Lakini naandika kwa ukweli: hata ingetoka yenyewe nisingeitoa. Kilikuwa kitu pekee nilichowahi kupewa kwa sababu ya jinsi nilivyo, wakati vingine vyote nimepewa kwa sababu zamu yangu imefika. Mama akawa anaita kutoka uani, "Umeshachoma?" nami nikapata wazo, wazo zuri sana, jamani, wazo la mtu mwenye akili. Nani katika Zaire nzima atathubutu kumwondoa Rais ili aangalie kilicho nyuma yake?

Nikachoma gazeti moja nyuma ya choo ili Mama aone majivu. Nikakorogea unga kidogo kwenye maji ya moto, kama bukari, yaani ugali, ya mgonjwa, ndiyo gundi yangu. Nikapunguza kingo za Rais kwa mkasi (kila mara niligeuka kuangalia mlango, nilidhani mtu ananiona), nikamweka juu ya nyoka, nikatia gundi tone tone tu, nyingi upande wa chini na kidogo kabisa upande wa juu, kwa sababu huko juu ndiko kilikokuwa kichwa cha moma na sikutaka kumharibu. Kati ya picha na kioo kulibaki nafasi ya kupitisha kidole, maana kadre ilikuwa na kina. Nikarudisha ubao, nikapiga misumari michache, polepole, nikiogopa kioo. Misumari michache mno. Lakini nani alijua?

Ukutani ilipendeza mpaka majirani wakaja kuona. Dhahabu ile, maua yale! Mama aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa safi, akijivuna, Mama masikini, bila kujua anampangusa nani. Na mimi nikila nilikuwa nainua macho kidogo, namsalimu rafiki yangu aliye nyuma. Nilikuwa na furaha. Naliandika hili ili nisije nikasema baadaye kwamba nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Hapana, sikuwa nao.

Tata Kalenga aliporudi, alisahau hata bia. Akaizunguka ile kadre kama mtu anayenunua gari. Komisere alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi kwa ajili ya sikukuu, kwenye uwanja wa mpira, na picha kubwa ya ofisini kwao ilikuwa imepasuka kioo walipokuwa wanaihamisha. "Tutaazima hii," akasema. Hakuuliza. "Itakaa mbele ya bantu bote. Sitwayen kapita, jina yako itasikika."

Baba alicheka kicheko ambacho sijamsikia nacho tena. Jioni ile alikaa uani akipiga viatu rangi kwa ajili ya sikukuu, anapiga mluzi, na mimi nikatoka nikasimama karibu yake.

"Baba..."

"Eh?"

"Ile kadre..."

"Iko muzuri sana, hein?" Akatemea mate kwenye ncha ya kiatu, akasugua. "Hata Kalenga alikosa maneno. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Nikaangalia kiatu. Kilikuwa kinang'aa mpaka niliuona uso wangu ndani yake, mdogo, wa kijinga.

"Ndiyo," nikasema. "Iko muzuri."

Asubuhi ya sikukuu mvua ilinyesha, ikanyesha hasa, na vijana wa chama wakaja kuichukua kadre bila turubai, wakaibeba kichwani kwa zamu huku wanaimba. Kisha mvua ikakatika ghafla na jua likatoka lile la msimu wa mvua, linalochemsha ardhi. Uwanjani walikuwa wameshajenga jukwaa. Komisere na wakubwa wamekaa chini ya kivuli cha turubai, na picha ya Rais imewekwa mbele yao, juani, juu ya kiti kilichovikwa kitambaa cha kijani, ikitazama umati. Maana yake wakubwa waliona mgongo wake tu, uso tuliuona sisi. Wafanyakazi walipangwa kulia kwa makundi yao, kila kapita mbele ya watu wake, wamama kushoto, na kandokando vijana wa chama na fimbo zao. Na katikati, mbele kabisa, wasichana wa shule, tunacheza. Nilikuwa mstari wa kwanza kwa sababu ya urefu wangu, si kwa sababu ya kitu kingine. Tulivaa pagne (vitenge) za chama zenye uso wa Rais, mmoja mbele na mmoja nyuma (juu ya huyu wa nyuma na mahali alipokaa sitaeleza).

Hatua mbili mbele, makofi, kuzunguka, mgongo kwa jukwaa, kuzunguka tena. Mara ya kwanza nilipozunguka niliona kioo kimeingia ukungu kwa ndani. Nikajiambia ni mvuke. Mara ya pili niliona tone linashuka ndani ya kioo, juu ya kofia ya chui. Misumari michache! Maji yalikuwa yameingia kwa nyuma, jua likayapika, na bukari yangu ya mgonjwa ikawa inalegea. Mara ya tatu kona ya juu ya karatasi ilikuwa imejikunja mbele kidogo, kama ukurasa mtu anaotaka kuufungua.

Nikaanza kumwomba Mungu, huku nacheza, kwamba nitakapozunguka tena nikute imerudi. Nikazunguka. Haikurudi. Na kona ya pili nayo ilikuwa imeachia.

Aliyekuwa karibu yangu ni Mujinga, tunakaa dawati moja. Alisema bila kusogeza midomo, "Mwadi. Ile ni nini?"

"Imba tu."

"Mwadi, Guide anainama."

"Imba!"

Na kweli alikuwa anainama. Upande wa juu wote ulikuwa umeachia, karatasi ilikuwa nzito kwa unyevu, na ikajikunja taratibu kutoka kichwani kuja chini, kofia kwanza, kisha paji, kisha miwani, mpaka uso ukalala juu ya kifua chake mwenyewe kama mtu aliyesinzia kanisani. Chini gundi ilikuwa nyingi, huko hakusogea, koti lake na mabega yake yalibaki mahali pake. Na juu ya mabega yale, mahali pa kichwa, akatokea moma. Kinywa wazi. Rangi zake zote safi, jua limempiga, magamba yanaonekana mpaka safu ya tatu.

Sasa nitawaambia kitu ambacho watu wanaosimulia habari hii huwa hawakisemi, kwa sababu wengi wao walikuwepo. Hakuna aliyeacha kuimba. Mstari wa kwanza uliona, wa pili ukaona, wafanyakazi wakaona, nilisikia sauti zikipungua kama redio inayoishiwa betri, kisha, ghafla, zikapanda, zikapanda kuliko mwanzo, kwa sababu kila mtu aliogopa kuonekana amenyamaza, maana ukinyamaza ni kwamba umeona, na ukiwa umeona, umeona nini? Sema basi! Mujinga alikuwa anaimba huku machozi yanamtoka. Mpiga ngoma alikuwa amefumba macho. Uwanja mzima ulikuwa unamwimbia nyoka aliyevaa koti la Rais, kwa nguvu zote, na huko nyuma ya picha komisere, ambaye haoni kitu, akafurahishwa na bidii yetu, akasimama, akaanza kupiga makofi.

Pengine tungeimba mpaka jioni. Pengine Tata Kalenga angepata nafasi ya kukiondoa kile kiti. Sijui. Aliyevunja ni Mama.

Alikuwa amechelewa kuona kwa sababu alikuwa nyuma ya mwanamke mwenye kilemba kikubwa. Mwanamke yule aliposogea, Mama akaona, na hakuona Rais, wala komisere, wala fimbo za vijana. Aliona kitu kimoja tu.

"Yesu wangu! Mwadi! Si nilikuambiaka uichome ile nyoka!"

Ngoma ikakatika. Wakamwangalia Mama, wakaangalia alikokuwa anaangalia Mama, kisha wakaniangalia mimi. Mama mwenyewe alikuwa ameshashika mdomo wake kwa mikono yote miwili, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Tata Kalenga akaruka kutoka jukwaani, akafika mbele ya kadre, akaona, akavua kofia yake akaiweka juu ya kioo ili amfunike moma. Ikaanguka. Akaiweka tena. Ikaanguka. (Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nianguke.) Komisere akashuka polepole, akasimama mbele ya picha, akaitazama kwa muda mrefu. Alipouliza hakupandisha sauti hata kidogo.

"Hii kadre ni ya nani?"

Nilifungua kinywa. Nilisema, "Ni mimi." Nilisema, najua nilisema, kwa sababu niliyasikia maneno kwenye ulimi, yalikuwa na ladha ya chuma. Lakini Mujinga aliyekuwa ananigusa bega anaapa kwamba hakusikia kitu.

Kilichosikika ni viatu vya Baba. Alitoka mbele ya kundi lake, akavuka uwanja, akasimama kati yangu na jukwaa.

"Ni yangu, sitwayen komisere. Minye mwenyewe nilitia."

"Na huyu mutoto? Mama yake alimwita."

"Mutoto hajue kintu."

Aliposema hivyo hakunigeukia. Vijana wa chama wakamshika kwa mkanda na kwa kola, wakamkokota kuelekea kwenye gari lao la jipi, na kwenye matope karibu na mstari wa goli kiatu chake kimoja kikazama, kikabaki. Kile alichokuwa amekipiga rangi. Watu walitawanyika haraka, hakuna aliyekimbia na hakuna aliyetembea, ilikuwa kitu cha katikati. Mimi nikaenda nikakichukua kiatu. Hicho ndicho nilichofanya siku ile kwa ajili ya baba yangu, nikakitoa kiatu matopeni.

Siku zilizofuata nazifupisha kwa sababu zote zilifanana. Mama alikuwa anapika bukari na samaki wa mto Lufira, tunapeleka kwenye geti la nyumba ya watu wa usalama mjini ambako walimweka, mlinzi anapokea sahani, tunarudi. Mama hakunipiga hata kofi moja, na ningependa angenipiga. Tulisikia kupitia mtu anayefagia mle ndani kwamba hawamuulizi tena juu ya nyoka. Wanamuuliza juu ya maneno yaliyo chini ya nyoka. Wameona maandishi ya lugha wasiyoijua, wamesema ni ujumbe, ni maneno ya siri ya watu wanaotaka kuangusha nchi, na Baba, ambaye Kilatini chake ni kile cha kuitikia misa alipokuwa mtoto, anajibu hajui, wanampiga, wanauliza tena, anajibu hajui.

Na mimi nilijua. Ni jina la nyoka tu. Mwalimu alitufundisha kwamba kila mnyama ana jina lake la Kilatini ili wataalamu wa nchi zote waelewane. Ningeweza kulieleza hata nikiwa usingizini.

Basi siku iliyofuata, Mama alipotoa sahani, nikamsogelea mlinzi.

"Weye kamwanamuke, unataka nini?"

"Yale maneno ya chini ya nyoka ni jina lake."

"Nini?"

"Ni jina lake tu."

"Sema nguvu! Minye sisikie kintu!"

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Midomo ilisogea, kilichotoka ni pumzi. Mlinzi akacheka, akamwambia Mama, "Mutoto yako iko bubu?" akachukua sahani, akafunga geti. Mama akanishika mkono, akanivuta taratibu. Alidhani nilikuwa nataka kumwomba Baba msamaha.

Wakati huo huo mtaani hadithi ilikuwa inakua bila msaada wetu. Waliokuwa wamekuja kusifia kadre sasa walikumbuka kwamba sebuleni kwetu kulikuwa na harufu. Mwanamke mmoja alikumbuka Mama akinunua mayai mengi. Mtu aliyekuwa anaungoja ukapita kabla ya Baba aliupata. Sisi tukatolewa kwenye ile nyumba, tukapewa nyingine upande wa reli, chumba kimoja na veranda, ambako treni ikipita vikombe vinatembea mezani.

Walimwachia Baba bila kusema sababu, kama walivyomchukua. Alifika mchana, kwa miguu, amevaa ndala za mtu mwingine. Alikuwa amekonda, na alikuwa anageuza kichwa ukimwongelesha, kama ndege, na haikuchukua muda kuelewa kwamba sikio la kushoto halisikii tena. Kazini amerudishwa, lakini si kapita. Anaosha mabirika na vijana walioanza juzi. Kadre hatukuiona tena. Labda moma yuko mahali fulani ndani ya jalada, bado kinywa wazi, bado wanamtafutia maana.

Picha yetu mpya ya Rais iko ukutani kwa misumari, mmoja kila kona, kama shati. Tata Kalenga alipita mara moja, akamwangalia, akaondoka bila kuomba bia.

Jana Baba alikuwa amekaa verandani, kile kiatu mkononi. Nilikuwa nimekisafisha nikakihifadhi. Cha pili kilipotea huko huko alikowekwa. Akaniita.

"Siku ile mu uwanja," akasema, "nilikuona unafungua kinywa. Ulisema nini?"

"Nilisema ni mimi."

Akageuza kichwa. "Eh?"

"Nilisema ni mimi, Baba."

"Eh? Pita huku."

Nikahamia upande wa kulia. Nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma, nikapiga kelele, jamani, nikapiga kelele ambayo sikujua kama iko ndani yangu, Mama akatoka jikoni na mwiko, watu waliokuwa wanatembea relini wakasimama. "Nilisema ni mimi! Ni minye nilimuweka nyoka! Na lile lilikuwa jina lake tu!"

Baba akaniwekea mkono kichwani, kama siku ile nilipomletea kadre.

"Sasa nimesikia," akasema. "Lakini polepole kidogo. Bale ba ku bomba nabo basisikie."

Kwa hiyo nimeapa. Sitaficha tena kitu ninachokipenda nyuma ya kitu ninachokiogopa, na nikiwa na neno la kusema nitalisema lingali dogo, wakati Baba bado anapiga mluzi na kiatu kiko mkononi mwake. Mazoezi ninayo kila siku. Nikitaka chumvi, nikitaka ruhusa ya kwenda kwa Mujinga, hata nikimtakia tu usiku mwema, nasimama upande wake wa kulia, na ninasema kwa sauti.